Marehemu Bado Anadaiwa: Wafu Wasiotulia wa Zama za Kati

Mtu mmoja wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, alikuwa safarini na farasi wake aliyebeba maharage. Farasi akajikwaa, mguu ukavunjika, na yule mtu ikambidi ajitwike gunia mwenyewe. Hakufika mbali akaona kitu mfano wa farasi, kimesimama kwa miguu ya nyuma, ya mbele kimeiinua juu. Akakikemea kwa jina la Yesu kisimdhuru. Kikaandamana naye. Baada ya kitambo kikageuka kuwa lundo la majani makavu linalozunguka, ndani yake mwanga unawaka. Akakikemea tena, na ndipo kikawa mtu. Msafiri akamwapisha aseme yeye ni nani. Mfu akataja jina lake, akaeleza kinachomzuia kupumzika na dawa yake, kisha akaongeza: niachie hayo maharage nikubebee. Akayabeba mpaka kwenye kijito. Kukivuka hakukubali, na mwenye mzigo hakuelewa gunia lilirudije mgongoni kwake. Baadaye akamtafutia marehemu maondoleo ya dhambi, misa zikasomwa kwa ajili yake, akapata nafuu.

Kisa hiki kiliandikwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1400 na mtawa asiyejitaja jina wa abasia, yaani monasteri kubwa, ya Byland, huko huko Yorkshire. Alikuta kurasa tupu katika kitabu cha zamani cha abasia, akazijaza visa 12 vya wafu wanaotembea, vingi vikiwa vya vijiji vya jirani. Leo kitabu hicho kimehifadhiwa London, katika maktaba ya taifa. Mfu wa maharage, kichwa cha kisa kinasema, alikuwa kibarua wa Rievaulx, abasia nyingine ya karibu. Nimekisoma mara nyingi, na kinachonigusa kila mara ni hicho kimoja: kibarua aliyekufa, naye ana shida zake, anamwona mtu ameelemewa na mzigo na anajitolea kumbebea.

Swali linalowagawa wanaosoma visa vya namna hii ni hili: wafu hawa ni wa nani? Wako wanaosema ni kazi ya Kanisa. Makasisi na watawa, wanasema, walitaka watu waihofie hali ya roho baada ya kifo ili walipie misa na kuziachia monasteri mashamba. Marehemu anayetokea usiku kuomba misa anawafanyia kazi hiyo kuliko mahubiri ya mwaka mzima. Wengine wanasema la, wafu hawa ni wa wanakijiji, ni wa kale kuliko Ukristo wa kaskazini, na Kanisa liliwakuta makaburini tayari likajaribu kuwatia adabu. Pande zote mbili zina ushahidi wa kweli, na ndiyo sababu inafaa kuupima taratibu.

Kwanza, neno juu ya maneno yenyewe. Kwetu mzimu ni roho ya aliyekufa, na tena ni mahali watu wanapokwenda kutambika. Mzimu hudai kukumbukwa. Mzuka ni kile kinachozuka, kinachokutokea ghafla ukashtuka, halafu hakipo. Lakini kwa maiti yenye nyama na mifupa, inayotoka kaburini usiku na kurudi alfajiri, sioni neno letu linalotosha. Nitasema mfu, na msomaji akumbuke kwamba tofauti kati ya roho inayotokea na maiti inayotembea ndipo ugomvi wote ulipo.

Anayetaka kusema Kanisa ndilo lililozua wafu hawa anakutana na kikwazo mapema, nacho kinatoka Afrika. Karibu na mwaka 421, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alimjibu Paulino, askofu wa Nola huko Italia, aliyemuuliza kama kuzikwa jirani na kaburi la mtakatifu kunamfaa marehemu. Katika jibu lake Augustino alikataa kwamba wafu kwa kawaida hufuatilia mambo ya duniani. Hoja yake moja ni ya mtoto aliyefiwa. Kama roho za wafu zingekuwa zinatujia, aliandika, basi mama yangu asingekosa kunijia hata usiku mmoja, yeye aliyenifuata nchi kavu na baharini ili aishi nami. Mama huyo, Monika, alifariki mwaka 387. Zaidi ya miaka thelathini imepita, na mwanawe, sasa mzee, anatoa ushahidi dhidi ya mizimu kwa ukimya wa mama yake. Sijasoma hoja ya theolojia yenye uchungu kama hii.

Kwa hiyo mafundisho ya mwanzo hayakuwapa wafu wanaotokea nafasi kubwa. Nafasi ilifunguka polepole. Papa Gregori Mkuu, katika miaka ya 590, alisimulia habari za Justo, mtawa aliyegundulika ameficha sarafu tatu za dhahabu ilhali watawa hawakuruhusiwa kumiliki kitu. Alizikwa kwenye samadi, sarafu zake zikatupwa juu yake. Baadaye Gregori akaingiwa na huruma, akaagiza sadaka ya misa itolewe kwa ajili yake siku 30 mfululizo. Zilipotimia, Justo akamtokea ndugu yake Copiosus akamwambia kwamba mpaka hapo hali ilikuwa mbaya, lakini sasa ni salama. Desturi ya kumsomea marehemu misa 30 ina mzizi wake hapo. Karibu na mwaka 1030 Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa, aliagiza monasteri zilizo chini yake ziwakumbuke marehemu wote kila tarehe 2 Novemba. Wakatoliki wa Moshi, Bukoba au Kisumu wanaijua siku hiyo: majani yanafyekwa makaburini, mishumaa inawashwa juu ya udongo, na sauti zinaitikia kwamba mwanga wa milele uwaangazie. Mwaka 1274 Mtaguso wa Pili wa Lyon ukathibitisha kwamba maombi na misa za walio hai huzisaidia roho zinazotakaswa. Mwanahistoria Mfaransa Jacques Le Goff alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1981 alidai kwamba toharani, pale roho zinapotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, kama mahali penye jina lake, ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 12.

Ukizifuata tarehe hizo, hoja ya upande wa kwanza inapata nguvu. Kadiri toharani inavyopata umbo, wafu wanavyozidi kutokea, na wanachoomba ni kile ambacho kasisi peke yake anaweza kutoa. Katika kisa cha pili cha Byland fundi cherehani aitwaye Snowball anarudi nyumbani Ampleforth usiku, anashambuliwa na kunguru anayetoa cheche, kisha kunguru anakuwa mbwa mwenye mnyororo shingoni. Alikuwa mtu aliyekufa akiwa ametengwa na Kanisa. Anamtuma fundi akamtafutie maondoleo, na misa 180. Fundi anakwenda mpaka York, makasisi wanajadiliana, na hati ya maondoleo inatoka baada ya kulipwa shilingi tano. Shilingi tano zilikuwa peni 60. Fundi wa ujenzi wa wakati ule alipata kama peni nne au tano kwa siku, kwa hiyo ni kazi ya takribani wiki mbili, na hizo misa 180 bado. Mtu akisoma hapo akasema kuna biashara ndani yake, sina la kumpinga.

(Neno cherehani nimelitumia kwa mazoea ya lugha tu, Snowball alishona kwa sindano na mkono.)

Sasa turudi nyuma miaka 200, mahali palepale. Umbali mfupi kutoka Byland palikuwa na monasteri ya Newburgh, na humo William, kanoni (padri anayeishi kitawa), aliandika historia ya Uingereza, akiimaliza karibu na mwaka 1198. Mwishoni mwa kitabu anafika kwenye habari zinazomtaabisha. Anasema wazi kwamba isingekuwa rahisi kuamini maiti hutoka makaburini, kama si mifano mingi ya siku zake na mashahidi wengi. Halafu anasimulia. Huko Buckinghamshire mume aliyezikwa alirudi usiku uliofuata, akaingia chumbani kwa mkewe, akamlalia kwa uzito mpaka nusura amwue. Usiku wa pili vilevile, na wa tatu. Mama yule akaanza kukesha na watu. Mfu akahamia kwa ndugu zake, nao wakakesha. Akahamia kwa mifugo. Mwishowe shauri likapelekwa kwa Hugh, askofu wa Lincoln. Washauri wake wakamwambia mambo haya yametokea mara nyingi Uingereza na dawa inajulikana: kufukua maiti na kuichoma moto. Hugh akaona ni jambo la aibu, lisilostahili. Akaandika hati ya maondoleo kwa mkono wake, akaagiza kaburi lifunguliwe na hati iwekwe kifuani mwa marehemu. Wakafanya hivyo. Hakuonekana tena.

Tazama nani anamfundisha nani hapa. Askofu ndiye mgeni wa habari. Washauri na wanakijiji wana dawa yao tayari, na dawa hiyo haina misa ndani yake. Tena maaskofu wenyewe hawakuwa na kauli moja. Miongo kadhaa kabla ya Hugh, kwa mujibu wa Walter Map, mwandishi wa karne ya 12, askofu Gilbert Foliot wa Hereford aliletewa shauri la mfu Mwelshi aliyekuwa akirudi usiku na kuwaita majirani kwa majina. Aliyeitwa aliugua na kufa ndani ya siku tatu. Foliot alishauri wamfukue, wamkate shingo kwa sepetu, wamnyunyizie maji ya baraka yeye na kaburi, wamzike tena. Haikusaidia. Ikabidi mlalamikaji mwenyewe, askari wa farasi aliyesikia jina lake likiitwa mara tatu, amkimbize yule mfu kwa upanga mpaka kaburini na kumpasua kichwa. Kwa hiyo tukisema Kanisa lilitaka hivi au vile, tuulize kwanza ni Kanisa lipi: la Hugh mwenye kalamu au la Foliot mwenye sepetu?

Wafu hawa wa William hawaombi kitu. Karibu wote ni bubu. Wa Berwick, tajiri mwovu aliyezunguka usiku mbwa wakimbwekea nyuma, anasemekana alitamka jambo moja tu, kwamba mpaka achomwe moto watu hawatakuwa na amani. Vijana kumi wakamfukua, wakamkatakata, wakamchoma. Maradhi yakaingia mji hata hivyo na kuua watu wengi. William analieleza hilo bila kuficha, nami namheshimu kwa hilo.

Wako wanaosema maelezo yake ni ya kimwili tu. Mwili ukioza huvimba kwa gesi, uso huwa mwekundu au mweusi, majimaji kama damu hutoka mdomoni, na anayefukua kaburi baada ya wiki chache, hajawahi kuona mambo hayo, atasema marehemu amenona kwa damu za watu. Ni kweli. Mfu mmoja wa William alikutwa amevimba, uso umejaa damu, na walipompiga kwa sepetu damu ikatiririka kana kwamba ni ruba aliyeshiba. Maelezo ya kuoza yanatuambia walichokiona shimoni. Hayatuambii kwa nini walikwenda kumfukua huyo na si jirani yake aliyelala kaburi la pili, naye akioza vilevile.

Mwaka 2017 watafiti wa Historic England, taasisi ya urithi wa kihistoria, na Chuo Kikuu cha Southampton walitoa matokeo juu ya mifupa 137 kutoka Wharram Percy, kijiji kilichohamwa, huko huko Yorkshire. Ni ya watu wasiopungua 10, wa kati ya karne ya 11 na ya 14. Ina alama za visu, hasa kichwani na shingoni, imechomwa, mingine imevunjwa baada ya kifo. Kemia ya meno ikaonyesha hawakuwa wageni. Walikulia maeneo hayo hayo. Watafiti walifikiria kwamba huenda waliliwa na wenzao wakati wa njaa, lakini alama hazikukaa mahali ambapo mchinjaji angekata. Wakaona maelezo ya wafu wanaotembea yanafaa zaidi. Nami nayapokea, ila kuna jambo linanikwama. Katika mifupa ile imo ya watoto wadogo, na wafu wa William ni watu wazima wote. Kijiji kilichomkatakata mtoto wa miaka mitatu kilikuwa kinamwogopa kwa lipi? Visa vilivyoandikwa havinipi jibu, na sipendi kuona wanaolipita haraka.

Kuna kisa kingine ambacho hakiwezi kuachwa, kwa sababu kinaupa kila upande kitu. Karibu na mwaka 1090 wakulima wawili wa Stapenhill, kijiji cha abasia ya Burton, walitoroka wakahamia Drakelow, chini ya kabaila mwingine. Ugomvi ukazuka kati ya abasia na kabaila huyo. Siku moja wakulima wale wakafa ghafla, wakazikwa kwao Stapenhill, na jioni ileile wakaonekana Drakelow wamebeba majeneza yao mabegani. Usiku wakatembea vijijini, mara kwa umbo la dubu, mara la mbwa, wakigonga kuta na kuwaita watu watoke haraka, wahame. Maradhi yakawamaliza wanakijiji karibu wote. Walipowafukua walikuta vitambaa vya usoni vina damu. Wakawakata vichwa, wakaviweka katikati ya miguu, wakatoa mioyo wakaichoma. Msimulizi wa kisa hiki ni Geoffrey, abati wa Burton.

Fikiria maslahi yaliyomo. Abati anasimulia kwamba wakulima waliomkimbia bwana wao mtawa walikufa, wakageuka mazimwi, wakaangamiza kijiji kilichowapokea. Kila mkulima aliyesikia alijua maana yake. Hapo upande wa kwanza una haki kabisa: kisa kimetumika kama fimbo. Lakini majeneza mabegani, kugonga kuta, vichwa kuwekwa miguuni, hayo hayakutoka kwenye kitabu cha theolojia chochote. Abati aliazima hofu ya watu ambayo tayari ilikuwepo, akaipeleka alikotaka. Na wale wawili, ambao kosa lao lilikuwa kutafuta bwana wa afadhali, hakuna aliyewauliza neno.

Si kila mfu wa wanakijiji alikuwa wa kutisha. Kati ya 1318 na 1325 Jacques Fournier, askofu wa Pamiers kusini mwa Ufaransa, ambaye mwaka 1334 alikuja kuwa Papa Benedikto XII, aliwahoji watu wa jimbo lake juu ya imani zao, na maelezo yao yakaandikwa. Mmoja, Arnaud Gélis, alikuwa mjumbe wa wafu: walimpa ujumbe, yeye akaufikisha kwa jamaa zao. Alisema wafu wanatembea kutoka kanisa hadi kanisa katikati yetu, wengi mno, kwa hiyo mtu anapotembea asirushe mikono ovyo, asije akawaangusha. Wafu wanaoweza kuangushwa na kiwiko! Yeyote aliyemlea mzee dhaifu nyumbani anaielewa tahadhari hiyo. Askofu hakuielewa hivyo, akaiandika kama uzushi.

Mimi nadhani pande zote mbili zimeshughulika mno na nani aliwazua wafu, na kidogo mno na wafu walirudi kwa shauri gani. Kwenye mazishi yetu, kabla watu hawajatawanyika, husimama msemaji wa familia akatangaza: kama yupo anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, afike aonane na wanafamilia. Nimelisikia tangazo hilo tangu utotoni, na ndilo lililonifungua macho kwa Byland. Wafu wale, mmoja baada ya mwingine, ni watu ambao tangazo lao halikufanyika.

Mfu mmoja anamkamata mtu, wanashindana mpaka nguo zinachanika, na aliposhindwa anaungama kwamba alikuwa kanoni wa Newburgh (monasteri ileile ya William) na alitengwa na Kanisa kwa sababu ya vijiko vya fedha alivyovificha. Anaelekeza vilipo. Vijiko vinakutwa, vinarudishwa kwa mkuu wa monasteri, maondoleo yanatolewa, mfu anapumzika. Aliye hai anaugua siku nyingi. Dada yake Adam wa Lond, aliyezikwa Ampleforth, anatembea kwa sababu ya hati za ardhi. Alikorofishana na mumewe, akampa kaka yake hati hizo, na alipokufa kaka akamfukuza shemeji yake kwenye nyumba na kiwanja. Anaomba hati zirudi kwa mume na watoto. Adam akapelekewa ujumbe, akasema hayaamini maneno hayo. Dada akamwambia kwamba hataachiliwa mpaka Adam afe, na baada ya hapo Adam ndiye atakayetembea badala yake. Kwa mujibu wa mtawa, mrithi wa kweli aliridhishwa kwa sehemu tu, tena na Adam mdogo, baada ya yule mkubwa kufariki.

Tangu zamani ndivyo ilivyokuwa. Orderic Vitalis, mtawa wa Normandy, anasimulia kwamba usiku wa tarehe 1 Januari 1091 kasisi Walchelin alikutana na jeshi la wafu barabarani. Mmoja wao, William wa Glos, alikuwa amebeba mdomoni chuma cha kinu chenye moto. Alimkopesha maskini fedha, akachukua kinu chake rehani, na hakukirudisha kamwe. Kikapita kwa warithi wake yeye. Sasa anakitafuna. Je, Kanisa linafaidika na kinu kile? Hata kidogo. Anachoomba ni kirudi kwa watoto wa maskini.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Deni halikuzuliwa na Kanisa, lilikuwepo: ujira, hati, vijiko, kinu, mke aliyeachwa vibaya. Kanisa lilileta kitu kingine, na hapa nawapa upande wa kwanza haki yao kwa nia tofauti na waliyoidhamiria. Kwa kufundisha kwamba marehemu anaweza kusaidiwa, lilimpa mfu mdomo, na likampa aliye hai sababu ya kuuliza kabla ya kuchukua sepetu. Mfu wa 1198 anafukuzwa na mbwa na kukatwa vipande. Mfu wa 1400, katika mashamba yaleyale, anaulizwa jina lake na shida yake. Ilikuwa ghali, ilichezewa, na si wote waliobadilika: hata katika Byland yuko James Tankerlay, kasisi wa zamani wa Kirby, aliyetoka kaburini akampofua jicho moja mwanamke aliyeishi naye, na watawa wakamfukua na kumtupa na jeneza lake katika ziwa la Gormire. Wala siwezi kulipa Kanisa sifa zote. Kule Iceland, katika simulizi za shamba la Fróðá, ambapo watu waliozama baharini walikuja kila jioni kukaa kwenye moto, nguo zikitiririka maji, walio hai waliwafungulia mashtaka mlangoni kwa sheria ya nchi. Waliitwa mmoja mmoja, wakahukumiwa, na kila mmoja akanyanyuka, akasema neno lake, akatoka. Maji ya baraka yalifuata baadaye.

Kisa kinachonishawishi kuliko vyote ni cha kumi na moja cha Byland. Richard Rowntree wa Cleveland, eneo la Yorkshire, alimwacha mkewe mjamzito akaenda hija Santiago huko Hispania. Usiku mmoja, katika msitu kando ya barabara kuu, ilikuwa zamu yake ya kulinda wenzake waliolala. Akasikia kishindo. Wafu wakapita mbele yake, wamepanda farasi, kondoo na ng'ombe, wanyama walewale waliotolewa kwa kanisa siku ya mazishi yao. Mwisho wa msafara akaona kitu kidogo kinabingirika ndani ya soksi. Akakiapisha kiseme. Kikamjibu: usiniapishe, wewe ni baba yangu na mimi ni mwanao, mimba iliyoharibika, niliyezikwa bila ubatizo wala jina. Richard akavua shati lake akamvika mtoto, akampa jina kwa Utatu Mtakatifu. Mtoto akaruka kwa furaha akasimama kwa miguu yake, yeye aliyekuwa akibingirika. Soksi Richard akaichukua iwe ushahidi.

Mafundisho ya wakati ule hayakuruhusu hilo. Aliyekufa habatizwi, na mtoto asiyebatizwa hakuwa na nafasi toharani. Hapakuwa na misa ya kumlipia wala kasisi wa kumwita. Baba hakutumwa York na hakulipa shilingi. Alimuuliza, akavua alichovaa. Na aliyekiandika kisa hiki ni mtawa, ndani ya abasia, kwenye kitabu cha abasia.

Richard alirudi nyumbani, akaandaa karamu, akamwomba mkewe soksi zake. Moja haikuonekana. Akaitoa ile aliyokuja nayo, na wakunga wakakiri habari za mtoto. Lakini kwa kuwa alimpa mtoto jina, alihesabiwa kuwa baba yake wa ubatizo, na sheria ya Kanisa ilikataza ndoa kati ya mama na baba wa ubatizo wa mwanawe. Wakatenganishwa. Mtawa akaongeza, kwa kauli yake mwenyewe, kwamba anaamini talaka hiyo ilimchukiza Mungu sana.